Kipchomber arap Koilegen: Orkoiyot wa Kwanza wa Wakipsigis

Utangulizi

Historia ya mapambano dhidi ya ukoloni nchini Kenya inapofundishwa, jina la Koitalel arap Samoei wa Wanandi hutajwa bila kusita. Jina la ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, halijapata bahati hiyo. Ilhali wote wawili walikuwa wana wa baba mmoja, wote wawili walirithi kipawa kimoja, na wote wawili waliangushwa na dola moja: mmoja kwa risasi, mwingine kwa amri ya kuhamishwa. Makala haya yanasimulia maisha ya Kipchomber, ambaye jina lake la pili huandikwa pia Koilege au Koilegei. Aidha, yanamtazama katika muktadha wa elimu ya jadi ya uganga na dawa za msitu miongoni mwa Wakipsigis, na kuuliza swali ambalo ni la kihistoria na la kiisimu kwa wakati mmoja: mtu huyu aitwe nani kwa Kiswahili?

Swali hilo si la mchezo. Jina alilopewa Kipchomber na maafisa wa kikoloni ndilo lililohalalisha kufukuzwa kwake, na miaka ishirini baadaye likahalalisha kufukuzwa kwa ukoo wake mzima.

Ukoo na Malezi

Kipchomber alizaliwa katika ukoo wa Talai, upande wa Nandi. Mnyama wa ukoo huo ni simba. Mapokeo ya Wanandi yanaeleza kwamba asili ya ukoo huo ni Wamaasai, na kwamba mababu zake walipokewa Nandi wakiwa tayari na kipawa cha kuona yajayo. Kwa hiyo cheo cha orkoiyot, ambacho wingi wake ni orkoiik, kinafanana sana na kile cha laiboni wa Wamaasai. Orkoiyot hakuwa mfalme. Hakuwa na jeshi lake wala hakukusanya kodi. Kesi za kila siku ziliamuliwa na wazee katika kokwet, yaani baraza la mtaa. Hata hivyo, vita havikuanza bila idhini yake, wala mvua haikutazamiwa bila baraka zake.

Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi katika miaka ya mwisho kabla ya kuja kwa Waingereza. Masimulizi yanamtaja kuwa ndiye aliyetabiri ujio wa wageni weupe na wa nyoka wa chuma atemaye moshi, ambaye angetoka upande wa bahari ya mashariki akanywe maji katika ziwa la magharibi. Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Kimnyole hakuiona. Mnamo mwaka 1890, baada ya kundi kubwa la wapiganaji kuangamia katika uvamizi walioamini aliubariki, na wakati maradhi ya mifugo na njaa yalipokuwa yakiisakama nchi, Wanandi walimwua kwa marungu.

Kifo hicho ndicho kilichokuwa shule ya kwanza ya Kipchomber. Kilimfundisha kwamba mamlaka ya orkoiyot yalitegemea imani ya watu, na kwamba imani hiyo ikivunjika, damu ya ukoo haimkingi mtu. Wasimulizi husema kwamba Kimnyole aliwatuma wanawe mbali kabla ya kuuawa, akijua yatakayompata.

Msitu, Dawa na Mafunzo

Ili kuyaelewa maisha ya Kipchomber, ni lazima kutofautisha aina za wataalamu waliokuwako katika jamii hizi. Katika lugha ya Kipsigis, dawa huitwa kerichek. Mtaalamu wa dawa za mitishamba, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huitwa chepkerichot. Kwa upande wa pili yuko ponindet, ambaye hudhuru watu kwa siri, na ambaye jamii ilimwogopa na kumwadhibu vikali. Orkoiyot hakuwa yeyote kati ya hawa wawili.

Elimu ya chepkerichot ilipatikana kwa miguu. Msichana au mke wa mwana alimfuata mama au bibi msituni mwaka baada ya mwaka, akijifunza mti upi huchimbwa mzizi, upi hubanduliwa gome, na upi huchumwa majani tu. Alijifunza pia kutobandua gome kuuzunguka mti wote, kwa sababu mti uliobanduliwa hivyo hufa na dawa hukatika. Msitu wa Mau, ambao wakati huo ulishuka hadi katika nchi ambayo leo imefunikwa na chai, ulikuwa ndiyo ghala la elimu hiyo. Tebeswet, ambao wanasayansi huuita Croton macrostachyus, ulitumika kwa vidonda vibichi. Tenduet, au Prunus africana, ulitoa gome chungu. Tangu miaka ya 1970 gome la mti huo limekuwa likinunuliwa na viwanda vya Ulaya kwa ajili ya dawa ya tezi dume, na mwaka 1995 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake hudhibitiwa. Senetwet, au Senna didymobotrya, ulichomwa ukawa mkaa wa kusugulia vibuyu vya mursik, na mizizi yake ikachemshwa kuwa dawa. Sinendet, mmea utambaao, haukunywewa. Ulivishwa kichwani kama taji la heshima na baraka. Hadi leo wanariadha wa Kikalenjini wakirejea nyumbani na ushindi huvishwa mmea huo na kupewa maziwa ya mursik.

Vijana wa kiume nao walikuwa na shule yao. Baada ya kutahiriwa, walikaa faraghani katika menjo, kibanda kilichojengwa mbali na macho ya watu, wakifundishwa na wazee siri za jamii, nidhamu na uvumilivu. Walitoka humo wakiwa watu wengine, wenye rika na jina jipya. Neno arap katika jina la Kipchomber, lenye maana ya mwana wa, ni ushahidi kwamba alipitia njia hiyo.

Kipawa cha orkoiyot, hata hivyo, hakikufundishwa menjo wala hakikuchimbwa msituni. Kilirithiwa kwa upande wa baba, kisha kikajidhihirisha kwa mmoja au zaidi ya wana. Mwenye kipawa alifasiri ndoto, alirusha vijiwe vya kubashiri, na alisoma matumbo ya mnyama wa kafara. Miiko ilimzunguka. Miongoni mwa Wanandi haikuruhusiwa kumkaribia na silaha mkononi, wala kuzungumza mbele yake kabla hajaanza yeye, wala kumgusa kichwa, kwa kuhofia kwamba uwezo wake wa kuona ungemtoka. Wapiganaji walipokwenda vitani, rungu lililopakwa dawa yake lilibebwa mbele yao.

Ulinganisho na sehemu nyingine za dunia unasaidia kuonyesha upekee wa mfumo huu. Kwa Washipibo wa msitu wa Amazon nchini Peru, mwanafunzi wa uganga hujitenga kwa majuma au miezi, akaacha chumvi, sukari, nyama ya nguruwe na tendo la ndoa, huku akinywa mmea mmoja unaoaminiwa kuwa ndiye mwalimu wake. Huko mtu huupata uwezo kwa kujinyima na kwa mmea. Katika ukoo wa Talai, uwezo ulitangulia kwa damu, na mmea ulikuwa chombo tu. Tofauti hii ilikuwa na matokeo makubwa ya kisiasa. Mganga aliyefundwa anaweza kupatikana popote. Kipawa cha ukoo mmoja kinaweza kuhesabiwa kichwa kwa kichwa, na kufukuzwa.

Kutoka Nandi hadi Kericho

Baada ya kifo cha Kimnyole, Wanandi waligawanyika. Baadhi walimtaka Koitalel, wengine walimtaka Kipchomber. Mvutano huo uliendelea kwa miaka kadhaa na kuzua mapigano kati ya makundi hayo mawili. Mwaka 1895 Koitalel alishinda. Kipchomber aliondoka na wafuasi wachache, akavuka kusini na kuingia katika nchi ya Wakipsigis.

Wakipsigis na Wanandi ni ndugu kwa lugha, kwa marika na kwa ibada ya Asis, Mungu ambaye jua ni ishara yake. Hata hivyo, Wakipsigis hawakuwa wamewahi kuwa na orkoiyot mmoja aliyetambuliwa na nchi nzima. Wakati Kipchomber anafika, walikuwa jamii yenye majeraha. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 walikuwa wameshindwa vibaya na Wagusii karibu na mto Mogori na kupoteza vijana wengi, na maradhi ya ng'ombe yalikuwa yamepita kila boma. Jamii iliyopatwa na hasara mbili za namna hiyo ilihitaji mtu wa kuieleza kwa nini yametokea, na wa kuionya kabla ya mengine kutokea. Kipchomber alipokewa. Akawa orkoiyot wa kwanza wa Wakipsigis.

Orkoiyot Ugenini

Nafasi yake ilikuwa ngumu. Mgeni anayetabiri akikosea huwa ni msaliti, na Kipchomber alikuwa amekwisha kuona jinsi hata mwenyeji anavyolipishwa kosa. Aidha, Wakipsigis walikuwa na taasisi zao zilizokomaa: kokwet za mitaa, makundi ya wapiganaji ya Kipkaige, Ng'etunyo, Kebeni na Kasanet, na madhabahu ya mabwaita katika kila boma, ambako baba wa nyumba aliomba bila kumhitaji kuhani yeyote. Orkoiyot hakuweza kuziondoa taasisi hizi. Aliweza tu kuziunganisha, kwa kuwa mahali ambapo baraza la mtaa huu na la mtaa ule hawakukutana, neno lake lilifika kote.

Hapa ndipo umuhimu wake wa kihistoria ulipo. Ukianzia maeneo ya Kiptere, ambako ardhi ya juu huanza kuteremka kuelekea Sondu, hadi nyanda za Bomet na Sotik upande wa kusini, watu ambao hawakuwa na serikali ya pamoja walianza kuwa na sauti moja ya kusikilizwa. Sauti hiyo ilijitokeza wakati uleule ambapo sauti nyingine, ya serikali ya kikoloni, ilikuwa inataka kusikika peke yake.

Makabiliano na Serikali ya Kikoloni

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa msiba katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Juni, kikosi cha Waingereza kiliishambulia Sotik, katika sehemu ya kusini ya nchi ya Wakipsigis, kwa kisingizio cha kuwaadhibu wavamizi wa mifugo ya Wamaasai. Watu wengi waliuawa na maelfu ya ng'ombe wakatwaliwa. Mwezi Agosti, kusini mwa Tanganyika, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake ya dawa yaliyaunganisha makabila mengi katika Vita vya Maji Maji. Tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na kupigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza.

Kipchomber, ambaye alikuwa ameshindwa na Koitalel miaka kumi kabla, sasa akawa mkubwa wa nyumba ya Kimnyole aliyesalia. Hakuchagua njia ya vita vya wazi. Nguvu ya bunduki ilikuwa imekwisha kuonekana Sotik na Nandi. Lakini hakuisujudia serikali pia. Machifu walioteuliwa na Waingereza walijikuta wakitawala watu ambao, kabla ya kutii amri, walitaka kwanza kujua orkoiyot anasemaje. Maafisa waliwalaumu orkoiik kwa kupanga wizi wa mifugo, kwa kupokea sehemu ya ng'ombe walioibwa, na kwa kudhoofisha machifu. Yawezekana baadhi ya tuhuma hizo zilikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa uvamizi wa mifugo ulikuwa sehemu ya maisha ya vijana na baraka za orkoiyot zilikuwa sehemu ya uvamizi. Lakini jambo lililoikera serikali zaidi lilikuwa ni kuwapo kwa mamlaka ambayo haikuyaumba na isiyoweza kuyaajiri.

Uhamisho

Mwaka 1914 serikali ilichukua hatua. Kipchomber na ndugu zake wawili walikamatwa na kupelekwa katika nchi ya Wakikuyu, huko Nyeri na Fort Hall, ambayo ni Murang'a ya leo. Siasa ya kuhamisha ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Mwaka uliotangulia, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wameondolewa kwao Giriama, pwani, na kupelekwa Gusii upande wa magharibi, baada ya kuwalisha watu kiapo cha kupinga ukoloni. Kinabii wa pwani alipelekwa magharibi na nabii wa magharibi alipelekwa Mlima Kenya, kila mmoja mahali ambapo lugha yake haikueleweka na miti ya dawa iliitwa kwa majina mengine. Mekatilili alitoroka na kurudi kwao kwa miguu. Kipchomber hakurudi. Alifia uhamishoni.

Ni vyema kuzingatia maana ya kifo hicho kwa watu walioamini kwamba uwezo wa orkoiyot umefungamana na nasaba na ardhi. Kwa afisa wa wilaya, faili lilikuwa limefungwa. Kwa Wakipsigis, mtu ambaye baraka zake ziliombwa kabla ya kila jambo kubwa alizikwa na wageni.

Baada ya Kipchomber

Kuondolewa kwake kulifuatwa na mabadiliko makubwa ya ardhi. Mwaka 1919 ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Mradi huo ulianguka. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi, na msitu wa chepkerichot ukageuka kuwa shamba la mti mmoja.

Ukoo wa Talai nao haukuachwa. Huko Nandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka 1923 na kuwekwa kizuizini hadi mwaka 1964. Huko Kericho, serikali ilitunga mwaka 1934 sheria maalumu ya kuwaondoa Malaiboni, na watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto, wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye mbung'o na malaria. Kosa lao lilikuwa nasaba. Waliruhusiwa kurejea Kericho karibu na uhuru, wakakuta ardhi yao ina wenyewe. Madai yao yaliwafikia wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2021 waliiandikia serikali ya Uingereza, na mwaka 2022 yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Suala la Jina

Nyaraka za kikoloni zilimwita Kipchomber kwa jina la Kiingereza linalochanganya mchawi na mganga katika neno moja. Kiswahili hakina mchanganyiko huo. Mganga hutibu, mchawi hudhuru, mwaguzi hutambua kiini cha tatizo, mpiga ramli hutafuta yaliyofichika, kuhani hutoa kafara, nabii husema yajayo. Mswahili yeyote anajua kwamba kumwita mganga mchawi ni kumshtaki. Sheria za uchawi za mwaka 1909 na 1925 zilitungwa katika lugha isiyoona tofauti hiyo, na chini ya kivuli chake mtabiri, tabibu na mdhuru waliweza kuwekwa katika kapu moja.

Wafasiri wa Kiswahili wanapoliita neno orkoiyot mchawi, au hata mganga, wanarudia kosa hilo pasipo kukusudia. Mganga ni karibu zaidi na chepkerichot. Mchawi ni ponindet. Orkoiyot ana sehemu ya mwaguzi, sehemu ya kuhani, na sehemu ya nabii, lakini pia ni mshauri wa vita na kiungo cha siasa. Kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kulipokea neno laiboni kutoka kwa Wamaasai, hakuna sababu ya msingi ya kukataa kulipokea neno orkoiyot kama lilivyo, likafafanuliwa katika kamusi kwa haki yake.

Hitimisho

Maisha ya Kipchomber arap Koilegen yalianzia katika nyumba ya nabii aliyeuawa na watu wake, yakapitia kushindwa na ndugu yake, yakafikia kilele katika nchi iliyompokea kama mgeni, na yakaishia mikononi mwa serikali iliyomwogopa bila kumwelewa. Hakuacha maandishi wala hakuongoza vita vikubwa vya kutajwa vitabuni. Fimbo tatu za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006 na zikapokewa Nandi kwa heshima. Kwa Kipchomber hakuna sherehe ya namna hiyo iliyotokea. Kilichobaki ni ukoo unaodai ardhi, wazee wanaosimulia, na maneno machache ya lugha ya Kipsigis ambayo yakitafsiriwa ovyo hufuta tofauti kati ya aliyeponya, aliyedhuru na aliyeona mbele. Kuzihifadhi tofauti hizo ni kazi ya wanahistoria, lakini ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili pia.